Kisanduku Cheupe

Marehemu alilala chali kwenye kitanda cha pili kutoka mlangoni. Shuka lilikuwa limevutwa hadi kidevuni na kuishia hapo, kana kwamba aliyekuwa akimfunika aliitwa kabla hajamaliza. Midomo ilikuwa imefura. Kope zilivimba hata macho yakawa mistari miwili. Shingoni vipele vyekundu vilikuwa vimeinuka kama vya mtu aliyepita kwenye upupu.

Inspekta alisimama miguuni pa kitanda, mikono nyuma. Hakuwa mwanamke wa kushikashika. Alitazama trei yenye bomba la sindano lililotumika, akatazama kichupa cha penisilini kando yake, kisha akainama na kuchungulia chini ya kitanda. Palikuwa na ndala mbili, zimepangwa sambamba, visigino vikielekea ukutani.

"Alikuja kwa miguu yake," alisema.

"Alikanyaga msumari, Afande," Sajini alijibu. "Kidonda kikafanya usaha kidogo. Mtu anaingia hospitali kwa msumari, anatoka kwa jeneza. Hata muuza dawa za panya angeona haya."

"Utani uweke mfukoni."

"Nimeuweka. Ila mfuko umetoboka."

Inspekta hakucheka. Kituoni walimwita Mama Vielelezo, lakini si mbele yake. Alimwagiza Sajini afungashe bomba na kichupa, mwili upelekwe kwa daktari wa uchunguzi wa maiti, na zile ndala apewe mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa mume, fundi wa makochi, mwenye gundi iliyokauka kwenye kucha. Yeye ndiye aliyepiga simu polisi. Alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, na alipopewa ndala alizipokea kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhiwa mtoto.

"Nieleze kwa mpangilio," Inspekta alisema.

"Tulifika dirishani, pale mapokezi. Karani akauliza, ana mzio wa dawa yoyote? Nikamwambia penisilini. Ilishataka kumuua utotoni. Nikamwona karani anaandika."

"Uliliona neno lenyewe kwenye skrini?"

"Skrini ilinigeuzia mgongo. Niliona vidole vinakwenda." Alizigeuza ndala, akatazama soli. "Sasa wananiambia kwenye mashine hakuna kitu. Kweupe. Afande, inawezekana nilikusudia kusema, halafu nikasahau? Nilikuwa nimemshika asianguke. Labda sikusema."

"Labda si ushahidi," Inspekta alisema. "Nitakuambia ulisema au hukusema. Nisubiri."

Daktari Mkuu wa hospitali aliwapokea ofisini kwake akiwa ameshavaa uso wa mazishi. Mgonjwa alipozidiwa, yeye ndiye aliyekimbilia kitandani.

"Jambo la kusikitisha, lakini halina fumbo," alisema. "Faili la mgonjwa kwenye mfumo halina mzio. Karani hakujaza. Muuguzi aliamini faili, akachoma sindano. Karani nimeshamsimamisha kazi. Ni suala la kiutawala hili."

"Utawala utasubiri, Dokta. Mgonjwa alipozidiwa, nani alikuwepo?"

"Mimi, muuguzi wa zamu na mume wake. Mimi nilikuwa namsaidia kupumua. Nilimtuma Sista alete adrenalini kutoka kabati la dharura. Alichelewa. Alisema alikuwa anatafuta ufunguo. Aliporudi, tulikuwa tumeshampoteza."

"Mume alitoka?"

"Mume alikuwa amenishika koti. Hebu tazama, kishikizo kimekatika."

Inspekta alikitazama kishikizo, akaandika.

Karani walimkuta kibandani kwa mlinzi, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na shati hilo ndilo lililomfanya aonekane mtu wa kuhurumiwa.

"Nilijaza, Afande. Naapa kwa mama..."

"Usiape. Nieleze unavyojaza."

"Kuna sehemu ya mzio. Asiye na mzio namchagulia neno Hakuna. Mwenye nao, naandika jina la dawa. Basi."

"Na ukisahau?"

"Programu inakuacha upite tu. Haikuulizi." Akanyoosha kola ya shati. "Ndiyo maana wanasema ni mimi. Wameshanibebesha gunia la misumari, na mke wangu ana mimba. Nikifukuzwa kwa kuua mtu, nani ataniajiri tena hata kufungua geti?"

Mlinzi aligeuza uso, akajifanya anatazama geti.

*

Hifadhidata ya hospitali ilisimamiwa kwenye chumba kidogo kilichokuwa na ubaridi wa kiyoyozi na mvumo wa feni, nyuma ya jengo la wodi. Msimamizi wake alikuwa mtu mzima mwenye mvi zilizochanwa kwa uangalifu. Hospitali nzima ilimwita Mzee Kibodi. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilivunjika zamani kikaungwa kikiwa kimepinda. Kushika kipanya kulimuuma hadi begani, kwa hiyo alikuwa ameacha kabisa. Kila alichokifanya kwenye kompyuta alikifanya kwa vitufe, na waliomshangaa aliwaambia kwamba panya ni wa paka.

Leo hakuwa na mzaha. Aliwasalimu, akavuta viti, akakaa.

"Nifungulie rekodi ya marehemu," Inspekta alisema. "Si kwa skrini ya wauguzi. Kwenye jedwali lenyewe."

Vidole vya mzee vilicheza juu ya vitufe. Programu ilifunguka. Upande wa kushoto yalikuwapo majina ya majedwali, yamepangwa kama matawi, tawi ndani ya tawi. Mshale wa kibodi uliteremka, tawi likakunjuka, majedwali yakatokea: wagonjwa, vipimo, dawa, vitanda. Akabonyeza tena, na katikati ya skrini gridi ikajaa mistari. Kila mstari alikuwa mgonjwa mmoja. Kila safu ilikuwa jambo moja kumhusu.

Inspekta aliwahi kupelekwa kozi ya ushahidi wa kidijitali. Wenzake walisinzia. Yeye aliandika. Alisogeza kiti, akafuata safu ya mzio kutoka juu kwenda chini kwa ncha ya kalamu. Hakuna. Hakuna. Salfa. Hakuna. Kisha mahali fulani neno dogo la kijivu, limelala upande: NULL. Hakuna. Hakuna. NULL tena. Kisha mstari wa marehemu.

Kisanduku chake kilikuwa cheupe. Hapakuwa na neno, wala hilo la kijivu.

"Hili la kijivu ni nini?"

"NULL, Afande. Mahali ambapo hapajawahi kuandikwa kitu."

"Karani akisahau kujaza, tutaona nini?"

"NULL."

"Na hiki cha marehemu?"

Kidole gumba cha mzee cha mkono wa kushoto kilikuwa kinasugua kile kifundo kilichopinda.

"Ni kitupu tu."

"Vyote ni vitupu, mzee. Mbona hiki hakifanani na vingine?"

"Mashine wakati mwingine..."

"Usiisingizie mashine. Kiti ambacho hakijakaliwa na kiti ambacho mtu ameinuka si kimoja. Cha pili kina joto. Hapa palikuwa na neno, na mtu akalifuta herufi kwa herufi. Ni kweli au si kweli?"

Mzee Kibodi alitazama skrini. "Ni kweli," alisema.

Kwa hiyo karani hakusahau, na mume alisema. Sajini alipumua kwa nguvu kule mlangoni.

Inspekta alikuwa tayari ameshahamia jambo jingine. Alitazama meza. Kibodi ilikuwa imechakaa, herufi nyingine zimefutika kwa kazi. Kikombe. Picha ya mwanamke ndani ya fremu. Na upande wa kulia, kipanya, waya wake umechomekwa, kinang'aa kwa usafi wakati kila kitu kingine mezani kilikuwa na vumbi.

"Hiki huwa kinakaa wapi?"

"Kwenye droo."

"Leo kinafanya nini juu ya meza?"

Inspekta alivaa glavu, akakiinua, akakigeuza kwenye mwanga. Mtu alikuwa amekifuta kwa kitambaa. Lakini kile kigurudumu cha katikati kinakaa ndani ya mfereji mwembamba, na kitambaa hakifiki huko. Ndani ya mfereji palikuwa na unga mweupe, laini.

"Sajini. Mfuko wa vielelezo."

Kisha akamgeukia mzee. "Sasa nifungulie kumbukumbu za mabadiliko. Seva huwa inaandika kila amri iliyoipokea. Tuone nani alifuta, na lini."

Vidole viligoma. Ilikuwa mara ya kwanza tangu waingie.

"Hakuna haja, Afande," Mzee Kibodi alisema. Sauti yake ilikuwa imetulia, imetulia mno. "Ni mimi. Nilikuwa nasafisha data. Nikakosea mstari. Niandikie."

Sajini alitoa pingu kabla hajaambiwa.

"Fungua kumbukumbu," Inspekta alisema. "Halafu utafungwa."

*

Asubuhi iliyofuata Sajini aliingia ofisini akiwa na bahasha mbili na furaha ya mtu aliyefunga jalada.

"Karani tumemwachia. Alitaka kunibusu, nikamkumbusha mimi ni serikali. Hii ripoti ya uchunguzi wa maiti: mzio mkali, njia ya hewa iliziba. Daktari anasema angechomwa adrenalini mapema, uwezekano wa kupona ulikuwa mkubwa. Na hii ya maabara: kipanya hakina alama za vidole. Ule unga ni wanga wa kwenye glavu. Glavu za aina hiyo zinatumika wodini."

"Mzee Kibodi huvaa glavu?"

"Avae za nini? Kompyuta haina usaha."

"Basi furaha yako ina haraka." Inspekta alimsogezea karatasi. "Soma saa ya ile amri ya kufuta. Sasa soma saa ambayo Dokta alitangaza kwamba amefariki."

Sajini alisoma. Akasoma tena. Furaha ilimtoka usoni taratibu kama maji ndani ya kitambaa.

"Alikuwa bado anapumua," alisema.

"Alikuwa bado anapumua. Aliyefuta alijua kwamba kuna mgonjwa anakata roho, na alijua kwa nini. Mzee Kibodi alikuwa wapi?"

"Fundi wa umeme anasema walikuwa pamoja jengo la wazazi, printa imekwama. Nilidhani fundi amekosea muda."

"Hakukosea. Walioujua msiba ule ni watatu. Dokta alikuwa juu ya kifua cha mgonjwa. Mume alikuwa ameshika koti la Dokta. Nani aliondoka?"

"Sista alikwenda kutafuta adrenalini."

"Na ufunguo uliopotea ulionekana wapi?"

"Hakuna aliyeuliza." Sajini alivuta kiti akakaa bila kuruhusiwa. "Afande, kuna jambo nilidhani halina uzito. Yule Sista ni binti wa Mzee Kibodi. Binti wa pekee. Mama yake ni yule wa kwenye fremu, alishafariki. Mzee mwenyewe ndiye aliyemlea, akamsomesha uuguzi, na hospitali nzima imechoka kusikia sifa zake."

Inspekta aliifunga kalamu yake kwa kifuniko. Alifanya hivyo pole pole.

"Mlete baba kwanza," alisema.

Mzee Kibodi aliletwa kutoka mahabusu. Mkanda alikuwa amevuliwa, suruali ameishikilia kwa mkono mzima.

"Umeshakula?"

"Sina njaa, mwanangu. Samahani. Afande."

"Niandikie hapa amri ya kufuta mzio wa mgonjwa mmoja. Vile ambavyo ungeiandika siku yoyote."

Alishika kalamu kwa mkono wa kushoto. Hakuhitaji kufikiri: jedwali, safu, namba ya mgonjwa. Mstari mmoja mfupi. Inspekta aliuweka kando ya karatasi ya kumbukumbu za seva. Amri iliyokuwa huko ilijaa mistari saba. Ilitaja namba ya mgonjwa, ikataja jina, ikataja siku ya kuzaliwa, ikataja simu, ikataja kitanda, kama shahidi mwoga anayerudia kila kitu asije akaitwa mwongo.

"Hii hakuiandika binadamu," Inspekta alisema. "Ni programu yenyewe huiandika, mtu anapobofya kisanduku kwa kipanya na kukibadilisha papo hapo. Wewe hubofyi."

"Siku hiyo nilitumia kipanya."

"Kwa mkono huo? Nishikie hiki kikombe kwa mkono huo."

Hakukishika.

"Na jambo la pili. Mtu anayeijua kazi hii angefuta vizuri. Kuna vitufe vya kurudisha kisanduku kiwe NULL. Vipi?"

"Ctrl na sifuri," mzee alisema, na mara akafumba macho, kwa sababu jibu lilikuwa limetoka lenyewe.

"Ungebonyeza hivyo na karani angefungwa, wala nisingekuwa na la kusema. Aliyefuta alijua kufungua jedwali, alijua kutafuta mstari, lakini hakujua tofauti ya utupu na utupu. Alifundishwa, ila hakumaliza darasa. Nani uliyemfundisha?"

"Nimekubali kosa, Afande. Unataka nini tena?"

"Nataka mwenye nalo."

"Mimi ni mzee. Jela itanila kidogo tu. Niache nife na tai yangu shingoni."

Inspekta alimtazama. Huruma alikuwa nayo kama watu wengine. Hakuwa na tabia ya kuiandika kwenye jalada.

"Wakili atasema binti huja kwa baba yake kila siku, akashika kipanya na glavu zake, basi," alimwambia Sajini baada ya mzee kutolewa. "Ule unga unamfikisha mlangoni. Haumkalishi kitini. Nipatie fundi wetu wa kompyuta. Nataka nakala ya ile hifadhidata, ifanane nayo hadi rangi."

*

Walikutana mchana katika kile chumba chenye ubaridi. Mzee Kibodi alikalishwa ukutani na Sajini pembeni yake. Sista aliingia akiwa na sare safi, nywele amezibana, macho mekundu. Alipoona pingu za baba yake alitaka kumwendea.

"Baki hapo, Sista. Nakuhitaji kwa dakika chache. Nataka kuelewa jedwali hili na baba yako hataki kusema."

"Baba hajafanya kitu," alisema kwa kunong'ona.

"Amekiri."

Sista alitazama sakafu.

Inspekta alikaa mbele ya kompyuta. Kipanya kingine kilikuwa kimeletwa kutoka kituoni. Alibofya matawi ya kushoto kwa uzembe, akafungua jedwali lisilo lenyewe, akalifunga, akafungua jingine. Sajini, aliyejua jinsi mkono ule ulivyo sahihi, alikohoa kuficha mshangao.

"Hapa mzio uko wapi?"

"Mimi madude haya siyajui, Afande. Wodini tuna skrini yetu, ina vitufe vikubwa vikubwa tu."

"Hujawahi kukaa hapa?"

"Namletea baba chakula, naondoka."

"Sawa. Ah, huu hapa." Inspekta alishuka kwa kigurudumu mstari kwa mstari, akasimama. "Huyu mtoto wa kitanda cha dirishani. Penisilini, kama marehemu. Yuko wodini kwako?"

"Ndiyo. Ana nimonia. Daktari wa zamu ya jioni ndiye atakayempangia dawa."

"Vizuri." Akabofya mara mbili ndani ya kisanduku. Kikafunguka. Akaanza kufuta. Herufi zikaliwa moja baada ya nyingine kutoka nyuma. "Nataka tu nione weupe wake unavyokuwa. Usijali, sitahifadhi. Sioni hata kitufe cha kuhifadhi hapa. Nikimaliza nitafunga tu."

Kisanduku kilikuwa cheupe. Inspekta aliinua mkono kidogo, na mshale ukaanza kuteremka kuelekea mstari wa chini.

"Usibofye huko!" Sista alipiga kelele. Alikuwa ameshafika mezani, amemshika Inspekta kifundo cha mkono kwa vidole vyenye nguvu za wodini. "Bonyeza Esc! Ukihama mstari inajihifadhi yenyewe! Watamchoma mtoto!"

Feni ziliendelea kuvuma.

Inspekta alibonyeza Esc. Neno likarudi mahali pake, penisilini, herufi zote.

"Hii ni nakala," alisema. "Mtoto hayumo hatarini. Lakini umesema kweli. Inajihifadhi ukihama mstari. Nani alikuambia?"

Sista aliuachia ule mkono. Alikitazama kiganja chake kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Nilimwambia mimi nyumbani," Mzee Kibodi alisema, akiinuka. "Nazungumza kazi mezani, Afande, ni tabia mbaya, mtoto anasikia..."

"Kaa, mzee."

"Baba, kaa," Sista alisema. "Inatosha."

Mzee alikaa. Sajini alimshika bega, na hapakuwa na ulinzi katika kushika kule.

Inspekta alimsomea Sista onyo, kwamba halazimiki kusema, na atakalosema litaandikwa. Kisha akauliza.

"Ulifungua faili kabla ya kuchoma sindano?"

"Hapana. Wodi ilijaa. Mwenzangu hakuja, nilikuwa nimeunganisha zamu. Nikasema msumari, penisilini, tunampa kila mtu."

"Ukajua lini?"

"Alipojikuna shingo. Akaniambia, Sista, koo. Nikafungua faili ndiyo nikaona. Neno lilikuwepo. Jekundu kabisa."

"Dokta akakutuma adrenalini."

"Ndiyo."

"Ufunguo wa kabati ulikuwa wapi?"

Sista alimtazama baba yake.

"Sista. Ufunguo ulikuwa wapi?"

"Mfukoni kwangu."

Mzee Kibodi alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyagwa. Hilo hakulijua. Siku ile aliporudi ofisini aliona kipanya mezani na jedwali limeachwa wazi, akaelewa kwamba binti yake amefuta kosa. Alikifuta kile kipanya akidhani anaficha kosa la mwanawe. Hakujua kwamba wakati wa kufutwa, mgonjwa alikuwa hai.

"Ulipita mbele ya kabati?"

"Nilipita." Machozi yalikuwa yanashuka lakini sauti haikuvunjika. "Nilishapewa onyo, Afande. Mwaka jana, kwa kutosoma faili. Yule alipona. Waliniambia nikirudia, leseni inakwenda. Baba aliuza kiwanja cha marehemu mama nikasoma. Anawaambia watu hadi sokoni, mwanangu Sista, mwanangu Sista. Mlango wa ofisi yake haufungwi. Neno la siri la kompyuta ni jina alilokuwa akiniita nikiwa mchanga. Niliandika hilo jina kwa glavu nilizomchomea."

"Kisha ukafuta."

"Nilifuta, nikabofya mstari wa chini kama alivyonifundisha nilipokuwa namsaidia likizoni. Nikakimbia kurudi. Nilifikiri nitawahi yote mawili."

"Hukuwahi."

"Sikuwahi."

Inspekta aliandika neno hilo la mwisho. Akamsogezea karatasi na kalamu ili atie sahihi.

"Ungechukua dawa kwanza," alisema, bila ukali, "ungepoteza leseni. Yeye angekuwa nyumbani leo."

"Najua."

"Na mimi nisingekuwa hapa."

Mzee Kibodi hakumtazama binti yake alipokuwa akitolewa. Alitazama picha ya kwenye fremu, kisha akainyoosha mikono, ule mzima na ule uliopinda, Sajini amfungue. Ilipofunguliwa hakujua aiweke wapi. Alikuwa bado na shtaka la kuharibu ushahidi, lakini hata Inspekta aliona kwamba hilo lingeweza kusubiri kesho.

*

Mume alikuwa kwenye benchi la kituo, ndala ndani ya mfuko wa plastiki magotini.

"Ulisema," Inspekta alimwambia. "Karani aliandika. Neno lilikuwepo, likafutwa baadaye kuficha kosa. Aliyefuta amekiri."

Yule mwanamume alifunika uso kwa mikono yenye gundi. Mabega yake yaliteremka kwa mara ya kwanza. "Kwa hiyo sikusahau," alirudia. "Sikusahau."

Sajini alidhani yataishia hapo. Alikuwa ameshageuka kuondoka.

"Afande. Dokta aliagiza dawa ya kumwokoa. Hospitali haikuwa nayo?"

Sajini alimtazama Inspekta. Macho yake yalimwomba jambo ambalo hakuwahi kumwomba.

"Ilikuwepo," Inspekta alisema.

"Wapi?"

"Kabatini. Karibu na mlango wa wodi."

"Na ufunguo?"

"Alikuwa nao muuguzi mfukoni. Alikwenda kufuta kwanza."

Mume alitikisa kichwa taratibu, kama fundi anayeelezwa mahali kiti kilipovunjikia. Alizitoa ndala kwenye mfuko, akaziweka sakafuni, sambamba, visigino vikielekea ukutani. Alizitazama.

"Heri ningekuwa nimesahau mimi," alisema.